Jiwe la Ishirini na Mbili

Tangu Jumapili iliyopita nimeletewa barua kumi na moja za wasomaji, na tisa kati yake zinanipa pole. Pole hizo nazirudisha kwa wenyewe. Mkishasoma ya leo mtaona mlikuwa mnazimwaga chini.

Kwa aliyelishika gazeti hili kwa mara ya kwanza: mimi ni Burito, mzaliwa wa Butiama, niliyefukuzwa kwenye kiwanda cha pamba huko Bunda kwa kulala zamu siku mashine ilipoungua. Mke wangu Gati alirudi kwa baba yake akisema hakuolewa aje kumlinda mwanamume anayesinzia. Nikaingia Musoma na shati moja. Ofisi ya ramani ikaniokota, ikanifanya mshika mnyororo, yaani yule mtu anayekokota mnyororo wa kupimia ardhi porini huku mpimaji akichungulia darubini na kuandika kwenye daftari.

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa tuingie kwenye matope.

Mwaka ni 1974. Upande wa Buhare, mji unakoishia, palikuwa na kinamasi tulichokiita Nyakwigo. Mafunjo yake yalimzidi mtu kimo. Wafyatua matofali walikuwa wameanza kukifukia kwa kifusi, na wenye tamaa ya viwanja walikuwa wakikitazama kama fisi anavyotazama ndama.

Mpimaji wangu, Ndugu Luhende, alikuwa Msukuma mwembamba asiyependa maneno. Lakini siku ya kwanza, watu walipokusanyika kuuliza tunafanya nini na mnyororo wetu, alisema maneno mengi kuliko niliyopata kuyasikia kwake kwa mwezi mzima.

"Maji ya mvua kutoka milima yote hii yanapita hapa kabla ya kufika ziwani," alisema. "Hapa yanatulia, yanaacha tope lake, ndiyo maana chemchemi zenu ni safi. Mnaikumbuka miaka ile baada ya Uhuru, ziwa lilipopanda?"

Waliikumbuka. Mzee mmoja akasema yeye alimuua samaki kamongo kwa mchi, mlangoni mwa jiko lake.

"Likipanda tena, maji yataingia hapa. Mkiwa mmejenga hapa, yataingia vitandani mwenu. Kwa hiyo tunaweka mpaka."

Tukasimika mawe thelathini na moja ya saruji, kila moja lina namba yake, yakizunguka ekari hamsini na mbili. Kila jiwe lilibebwa na wanaume wawili. Kila Jumamosi mabalozi wa nyumba kumi walileta watu wao kutoa kifusi na kuotesha mafunjo upya kwenye kingo zilizoharibiwa. Sikuwahi kufanya kazi niliyoipenda kama ile. Nasema hivyo mjue niliharibu kitu nilichokipenda, na hilo ni baya kuliko kuharibu cha kuchukia.

Siku tulipomaliza, mwenyekiti wa tawi letu, Ndugu Magesa, aliitisha mkutano. Alikuwa na suti ya kola ya Kichina, vifungo mpaka kooni, na sauti iliyopendwa zaidi na mwenyewe.

"Kinamasi hiki ni mali ya umma," alisema. "Mtu atakayesogeza jiwe hata kwa unene wa kidole, huyo ni adui wa wananchi."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma.

Siku ya nne akaniita kwake.

Alinipa kiti, akanipa chai yenye maziwa, akaniuliza habari za kazi. Mtu wa namna yake akikupa kiti, ujue kuna mzigo. Mimi sikujua. Nilijiona nimepata heshima.

"Burito, mke wako yuko wapi?"

"Kwa baba yake, Mwenyekiti. Butiama."

"Baba yake ni mtu wa ukoo wetu. Mimi nikimwambia neno, analishikaga."

Nikaweka kikombe chini. Gati alikuwa ameondoka mwaka na miezi miwili. Nilikuwa bado nalala upande mmoja wa kitanda.

"Ila nimepita kule kinamasini," akaendelea. "Mawe yale, la tisa, la kumi na la kumi na moja, naona yamekaa vibaya."

"Hayajakaa vibaya, Mwenyekiti. Niliyachimbia mwenyewe."

"Ndiyo maana naongea na wewe."

Akanieleza. Shemeji yake alitaka kujenga nyumba ndogo. Nikauliza ndogo kiasi gani. Vyumba sita vya kupangisha, akasema, bila kupepesa. Azimio limewakataza viongozi kupangisha nyumba, hilo analijua na amelihutubia mara nyingi, lakini shemeji yake si kiongozi, ni raia tu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeaga. Mimi nikamsaidia kufikiri.

"Ndugu Luhende ameandika ekari za kinamasi," nilisema. "Mkaguzi akija akakuta zimepungua?"

"Zitapunguaje? Unachokata huku unaongeza kule."

"Kule wapi?"

"Kaskazini, kwenye miiba. Nani anaishi kule? Ndege."

Nikamaliza chai yake.

Nilichagua siku ya Saba Saba, saa sita mchana, jua utosini. Mji mzima ulikuwa uwanjani kutazama gwaride na halaiki. Hata Ndugu Luhende alikuwa huko, amevaa tai. Nilichukua toroli la ofisi, koleo na mtaimbo, nikaenda Nyakwigo kama mtu aliyetumwa na serikali.

Nilisikia tarumbeta za gwaride kwa mbali wakati nang'oa jiwe la tisa. Niliyasogeza yale matatu ndani, kwenye mafunjo, nikayachimbia, nikafukia mashimo ya zamani. Kisha nikaenda kaskazini, nikang'oa la ishirini na mbili na la ishirini na tatu, nikayasukuma nje hatua sitini kuingia kwenye miiba. Nilitoka jasho kama mtu anayefanya kazi halali. Nilipomaliza niliosha koleo. Sijui nililiosha kwa nini.

Mkulima akiiba mhindi mmoja shambani kwa jirani, tunamfunga. Mimi niliiba ekari mbili za umma, nikarudi uwanjani kula muwa.

Mwenyekiti alitimiza ahadi. Ni watu wa aina hiyo; ahadi chafu wanazitimiza upesi. Siku ya tisa baba mkwe alishuka kwenye basi na Gati nyuma yake, kabeba beseni la vyombo.

"Mwenyekiti ameniambia umebadilika," mzee alisema. "Ameniambia una kazi ya kuaminiwa."

"Ndiyo, baba."

Alipoondoka, Gati alizunguka chumba, akatazama kitanda, akatazama kaptura yangu yenye tope.

"Umebadilika nini?"

"Silali tena zamu."

Akacheka. Alipocheka nilisema moyoni, mawe matano si kitu. Nililisema hilo, na ninaliandika hapa kwa jina langu.

Tulikaa vizuri majuma matatu. Kisha operesheni ya vijiji ikaanza, sisi wa mnyororo tukapelekwa Bunda kupima viwanja vya watu waliokuwa wanahamishwa. Ndugu Luhende alikuwa kiongozi wetu. Tulipima tangu Agosti mpaka katikati ya Oktoba, tukila ugali wa mtama na kuwaonyesha watu wanaolia mahali pa kujenga. Yeye akabaki huko kumalizia ramani. Mimi nikarudi Musoma.

Gati alinipa maji ya kunawa. Nilipokuwa nanawa akasema, "Mama yako yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye viwanja vipya. Lori lilimtoa kule mlimani. Akawaambia kama ni lazima kuhama, wampeleke alipo mtoto wake anayepima ardhi. Kamati ya tawi ikampa kiwanja."

"Viwanja vipya viko upande gani?"

"Kaskazini ya kinamasi. Palikuwa na miiba, wameifyeka."

Sikumaliza kunawa.

Hebu mnielewe jinsi lilivyotokea, maana wapo watakaosema ni bahati mbaya. Kamati iligawa viwanja kwa kufuata ramani ya Ndugu Luhende, iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya tawi. Kwenye ramani ile, sehemu ya miiba ilikuwa nje ya kinamasi, nchi kavu ya kujenga. Ardhini, kwa kazi ya mikono yangu, ilikuwa ndani. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa kamati hiyo. Alijua. Hakujali tu, kwa sababu nyumba ya shemeji yake ilikuwa imeshafika kwenye linta, juu ya madirisha.

Mama yangu anaitwa Wankyo. Nilimkuta amepiga magoti akiukandika ukuta wake mpya. Nyumba ya chumba kimoja na jiko, nyasi za paa bado zinanuka. Kati ya njia na nyumba, mahali pa wazi kabisa, lilisimama jiwe langu la ishirini na mbili. Alikuwa amelipaka chokaa.

"Hii jiwe ni yako," akasema kabla hata ya salamu. "Gati amenionyesha. Watu wakipita nawaambiaga, mtoto wangu ndiye alisimamisha. Imeandikwa nini?"

"Ishirini na mbili, Mama."

"Ishirini na mbili," akarudia, akalifuta vumbi kwa kanga.

Nyumba nne zilikuwa ndani ya mawe. Nilizihesabu. Tatu zilikuwa za watu wengine, wenye watoto na wagonjwa wao. Nitakuwa mkweli: hao watatu niliwahesabu tu. Niliyemwogopea alikuwa mama yangu.

Mngedhani nilikwenda moja kwa moja ofisini nikasema. Nilikwenda nyumbani nikala. Nilijiambia hakuna atakayegundua. Nilijiambia mawe yakae, nyumba zikae, nani ana haja. Juma moja nililala vizuri.

Mwanzoni mwa Novemba mvua za vuli zilianza, na barua ikaja kutoka mkoani. Mwenyekiti aliisoma mbele ya watu kwa sauti ile ile. Kabla ya masika, kinamasi lazima kiwe wazi. Nyumba yoyote iliyo ndani ya mawe iondolewe kwa siku kumi na nne. Wahusika watawekewa alama.

Wa kuweka alama nilikuwa mimi. Nilipewa kopo la rangi nyekundu na brashi.

Nilimkuta Mwenyekiti kwenye nyumba ya shemeji yake, anaelekeza mafundi mahali pa choo.

"Mwenyekiti, naomba niyarudishe."

"Urudishe nini?"

"Mawe. Mama yangu amewekwa pale kaskazini."

Alinishika bega, akaniongoza mbali na mafundi kwa upole, kama anayemsindikiza mfiwa.

"Burito, mawe gani? Siku ya Saba Saba mimi nilikuwa jukwaani. Mji wote uliniona. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikalihamishia kopo mkono wa pili.

"Hivi ulishika toroli la ofisi, au toroli langu?"

"La ofisi."

"Basi. Mama yako tutamtafutia kiwanja kingine. Watu wanahama nchi nzima, yeye nani asihame mara mbili?"

Alirudi kwa mafundi. Mimi nikabaki nimeshika kopo. Mmeshaona kwamba namdharau mtu yule, na ndivyo ilivyo, lakini siku hiyo kati yetu wawili yeye ndiye aliyesema ukweli. Mikono ilikuwa yangu.

Nikaanza na zile nyumba tatu. Mama mmoja aliniuliza watoto wake walale wapi mvua hii. Nikamwambia hayo aulize tawini. Unajifunza kusema hivyo upesi mno.

Kisha nikafika kwa Mama. Majirani walikuwa wamesimama njiani wanatazama nitafanya nini.

"Mama," nilisema kwa sauti ya chini, "hili jiwe huenda lina kosa."

"Kosa gani?"

"Vipimo vinakoseaga."

"Wewe ulikosea?"

Hapo, wasomaji, ndipo palipokuwa mahali pa kukiri. Tulikuwa tunasikiana wawili tu. Angenisikia, angenitukana, angenisamehe. Neno lilikuwa moja.

"Sijui, Mama."

"Kama hujui, basi jiwe haina kosa. Mimi ndiyo nimejenga vibaya." Akatazama njiani, kisha akashusha sauti. "Weka hiyo rangi. Watu wanaangalia. Usianze kupendelea mama yako, watasema ulipewa kazi bure."

Nikaweka. Alama kubwa, pembeni ya mlango, kwenye udongo aliokandika kwa mikono yake na ambao ulikuwa haujakauka vizuri. Rangi ilichuruzika. Akaniambia nifute ile inayochuruzika, haipendezi.

Kesho yake asubuhi alikuwa amepanda juu ya kigoda anang'oa nyasi za paa. Siku kumi na nne hakuzingoja. Alitaka mtu wa kwanza kutii awe mama wa mpima ardhi. Wale wenye nyumba tatu, waliokuwa wamepanga kwenda kulalamika mkoani, walimtazama wakaghairi. "Kama mama yake mwenyewe anabomoa," walisema, "sisi tutasema nini?" Nao wakaanza kung'oa.

Kwa hiyo alinisaidia kazi yangu, mama yangu. Aliwanyamazisha watu waliokuwa na haki.

Gati alishinda huko siku tatu akimsaidia kubeba miti. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, alirudi, akaweka kitambaa chake cha kichwa mezani, akakaa mbele yangu.

"Baba aliniambia Mwenyekiti ndiye aliyemwomba nirudi. Kwa nini Mwenyekiti aniombee mimi?"

"Ni mtu wa ukoo wenu."

"Amekuwa wa ukoo wetu tangu nizaliwe. Kwa nini mwezi wa saba?"

Nikasema sijui watu wazima wanaamuaje mambo yao.

"Leo nimepita kwenye ile nyumba ya shemeji yake," akasema. "Nilikuwa nafuata miti. Nyuma ya ukuta wa jiko, udongo umetitia na mvua. Kuna shimo la mraba lilifukiwa. Ni la ukubwa wa jiwe lako, Burito. Nimepima kwa mikono. Na kule kwa Mama, nyuma ya nyumba, karibu na mafunjo, kuna lingine kama hilo hilo."

Nilitazama meza.

"Mimi nilirudishwa kwa mawe mangapi?"

Nilifikiri kumdanganya hata hapo.

"Matatu kule kwa Mwenyekiti. Mawili kwa Mama."

Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, akarudi, akawasha moto, akapika. Tulipokwisha kula ndipo akasema.

"Ndugu Luhende anakuja Jumamosi kukagua kinamasi, mkutano ni pale pale kwa Mama. Utasema wewe. Usiposema wewe, nitasema mimi, halafu sitarudi Butiama. Nitakaa na Mama, wewe ndiye utakayetoka."

Jumamosi ilifika kwa haraka kuliko siku zote nilizoishi.

Watu walikuwa kama mia mbili. Mwenyekiti alikuja na suti yake na mgambo wawili. Ndugu Luhende alishuka kwenye Land Rover na ramani chini ya kwapa. Hakusalimia. Alikuwa anatazama rundo la miti na nyasi, na bibi kizee aliyekaa juu yake.

"Nyumba hii ilikuwa ndani?" akauliza.

"Ndani ya mawe, Ndugu Mpimaji," Mwenyekiti akajibu. "Mama huyu ametoa mfano mzuri sana. Amebomoa mwenyewe."

Ndugu Luhende alifungua ramani, akaitazama, akatazama kinamasi, akaitazama tena. Kisha akaniita.

"Burito. Mnyororo."

Pale kuna mwamba mkubwa, tulioutumia kuanzia vipimo mwezi wa sita. Nikashika ncha ya mnyororo kama nilivyozoea, nikauvuta kutoka mwambani mpaka kwenye jiwe la ishirini na mbili, mbele ya watu wote, mbele ya Gati. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Aliandika, akafungua daftari la zamani, akasoma kwa sauti ambayo wa nyuma walisikia.

"Daftari linasema futi mia mbili na kumi. Mnyororo unasema mia tatu na tisini. Jiwe hili limehamishwa. Hizi nyumba nne zilikuwa mahali pake."

Mama mmoja kati ya wale watatu alikaa chini. Minong'ono ikaanza. Nilimtafuta Gati kwa macho. Alikuwa upande wa nyuma, mikono kifuani, ananitazama mimi tu.

Mwenyekiti aliwahi. Lazima nimpe sifa hiyo, mtu yule alikuwa mwepesi.

"Kuhamisha jiwe la serikali ni kifungo," akasema. "Nani amelichezea jiwe hili? Naona lina chokaa. Nani amelipaka chokaa?"

"Mimi," Mama akasema.

"Mnaona."

Mama aliinuka juu ya miti yake taratibu. Alimtazama Mwenyekiti, akamtazama Ndugu Luhende, kisha akanitazama mimi. Sikuwa na uso wa kumficha; mama yangu alinizaa, alinilea, alinijua nikidanganya hata kabla sijaanza kuongea vizuri. Niliona anaelewa. Niliona jambo lile linamwingia, na mabega yake yakashuka kidogo.

Kisha akayapandisha.

"Mimi ndiyo nilisogeza," akasema.

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha mshangao.

"Mama," Ndugu Luhende akasema, "kwa nini usogeze jiwe likuvunjie nyumba yako?"

"Mimi mzee, sijui mambo ya namba. Ilikuwa kule nyuma, kwenye mafunjo, haionekani. Nilitaka ikae karibu na njia, watu wakipita waone kazi ya mtoto wangu."

Hakuna aliyecheka tena.

"Amekiri," Mwenyekiti akasema upesi. "Mmesikia wote, amekiri kwa mdomo wake. Mgambo, mchukueni. Ndugu Mpimaji, andika."

Mgambo mmoja akamshika mama yangu mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na mwingine akaanza kumwondolea kanga mabegani ili aone kama ameficha kitu, kana kwamba mwanamke wa miaka sabini anaficha jiwe lingine. Mama hakuvuta mkono. Alisema tu, "Pole pole, mwanangu, huo mkono unaumaga."

Ndugu Luhende hakuandika. Alifunga daftari akiacha kidole chake katikati ya kurasa, akanisogelea mpaka nikanusa tumbaku yake.

"Burito, jiwe hili tulilibeba mimi na wewe. Tulipumzika mara mbili njiani. Wewe ndiye unayejua uzito wake. Mama huyu anaweza kulisogeza futi mia na themanini?"

Mwenyekiti alikohoa. "Kijana ni mtu wa kazi, ajibu kwa ufupi," akasema, na macho yake yalinikumbusha toroli ni la nani.

Nikisema ndiyo, mama yangu analala gerezani. Nikisema hapana, swali litakalofuata ni moja tu, nani basi.

Mama alinikazia macho na kutikisa kichwa kidogo sana, akinikataza. Nyuma yake Gati alikuwa ameshaachia mikono kifuani, ameanza kupenya katikati ya watu kuja mbele, anawasogeza kwa mabega, na watu wanampisha.